Jangwa la Nyuma ya Mlima

Vijana wa idara, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya busara kabisa kwa mtu ambaye tangu siku hiyo hana mahali pa kuwahi. Kabla keki haijakatwa, mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu ilikuwaje mtu wa Akheri, ambako nguo hukaa kwenye kamba mpaka zianze kuota kuvu, akaishia kuwa mtafiti wa majangwa. Nilisema ni hadithi ndefu, nanyi mkaridhika haraka mno kwa kuwa pilau ilikuwa inapoa. Sasa muda ninao. Nitaandika ya mwanzo tu, yaani jinsi nilivyojiandaa, kwa sababu yaliyofuata yamo kwenye ripoti ambazo najua hamjazisoma. Vyeo nitaviruka. Mishahara nayo nitairuka, kwa heshima ya mishahara yenyewe.

Nilizaliwa chini ya mlima Meru, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha migomba na kahawa, nyumba yetu ikipakana na mfereji. Kwetu maji hayakuwa kitu cha kutafutwa. Yalikuwa kitu cha kuzuiwa yasiingie jikoni. Masika yalikuja, yakaondoka kwa adabu, kisha yakarudi kwa jina la manyunyu. Vumbi tulilijua kama habari ya watu wa bondeni. Baba yangu, Mzee Aminieli, alilima kahawa na alikuwa mzee wa kanisa letu la Kilutheri, na zote mbili alizifanya kwa uso uleule wa mtu anayetazamia wadudu.

Jangwa nililiona mara ya kwanza katika shule ya Jumapili. Ukutani palikuwa na ramani ya safari ya wana wa Israeli, kona zake zimeliwa na unyevu. Mwalimu alipita eneo la Sinai mbiombio ili afike Kanaani kwenye maziwa na asali, lakini mimi nilibaki nyuma, kwenye lile doa la njano lisilo na jina hata moja. Nilinyoosha mkono nikauliza walikuwa wakitembea juu ya nini. Akasema mchanga. Nikauliza mchanga wa namna gani. Akaniambia nikae chini. Ninyi mnaoandika maombi ya fedha za utafiti mtanielewa nikisema kwamba hilo ndilo jibu la kwanza nililopata, na mengi yaliyofuata yalifanana nalo.

Nilisoma, nikafaulu, nikaenda chuo kikuu kusomea jiografia. Nilipomaliza, nchi ilikuwa imeingia enzi za ruksa, biashara zikafunguliwa kwa kila mtu. Serikali iliyokuwa ikiwapangia wahitimu kazi iliacha kuwapangia, na kila mtu akaambiwa ajitafutie, jambo ambalo hatukuwa tumefundishwa katika somo lolote. Mjini Arusha maduka yalijaa vitu ambavyo miaka michache nyuma ungevipata kwa kujuana na mtu. Kila mwenye gari na binamu anayejua Kiingereza alifungua kampuni ya utalii. Nami nilirudi Akheri na shahada yangu, nikakaa jikoni kwa mama nikimenya ndizi.

Ndipo Dokta Kulwa akatuma salamu. Alikuwa mhadhiri wangu, Msukuma wa Shinyanga, mtu wa kofia ya pama na maneno machache, ambaye alikuwa amepata wafadhili wa safari ya kwenda jangwa la Chalbi, kaskazini ya Kenya, kuchunguza mimea na visima. Alihitaji msaidizi kijana mmoja. Waombaji tulikuwa wawili: mimi, na Elifuraha, kijana wa Machame niliyesoma naye, mwenye sauti nzuri na mjomba mfanyabiashara wa matairi pale mjini. Dokta alisema atatujaribu kwanza, kisha atachagua.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Shule ya sekondari ya usharika ilikuwa ikitafuta mwalimu wa jiografia, na mkuu wa shule alikuwa rafiki yake.

"Ukipata nafasi hiyo, nenda kwa baraka," alisema. "Ukikosa, unashika chaki. Hutakaa hapa kumenya ndizi na shahada."

Nilikubali. Sikuwa na ubaya wowote na chaki, ila nilijua nikiishika sitaiacha tena, na lile doa la njano litabaki ukutani maisha yangu yote.

Basi nikaanza kujiandaa, na hapa naomba msome kwa makini ili mjue la kutofanya. Kwanza niliacha kunywa maji mchana ili mwili uzoee kiu. Mama alidhani nafunga, akapeleka habari kwa baba kwamba nimejiunga na walokole. Baba aliniita sebuleni.

"Elinaike, umeokoka?"

"Hapana, baba. Najiandaa na jangwa."

Alishusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Jangwa linakutaka usinywe chai ya mama yako?"

Kwa faida yenu, mwili hauzoei kiu. Unachozoea ni kuumwa kichwa. Anayejua kusafiri ukameni hunywa mpaka tumbo limkatalie kabla hajaondoka, lakini hilo halikuwa kwenye vitabu nilivyoviazima, vilivyoandikwa na watu waliotaka sana kuonekana wameteseka.

Pili ulikuwa mchanga. Akheri hakuna mchanga, kuna tope la rangi tatu. Lakini jirani yetu alikuwa ameuza kahawa yake kwa wale wanunuzi binafsi waliokuwa wameanza kuja na mizani zao, na kwa furaha hiyo akaleta lori la mchanga wa kujengea. Kila asubuhi nilipanda juu ya lundo lile pekupeku, nimebeba kiroba cha maharage mgongoni, nikazunguka. Niliona nafanya maendeleo makubwa. Jirani aliona vingine, akaja kwa baba na kofia mkononi.

"Mzee Aminieli, naomba unisaidie. Msichana wako ananitawanyia nyumba."

Tatu, nilijifunza Kiarabu kwa muuza vitambaa mmoja pale mjini, ambaye alinifundisha salamu, namba na namna ya kukataa bei. Baadaye niligundua kwamba watu wa Chalbi hawasemi Kiarabu. Nne, nilishuka Ngarenaro, nikamtafuta fundi wa kukata matairi, akanitengenezea katambuga, viatu vya matairi, za safari ndefu. Alipoambiwa ni za jangwani aliongeza misumari. Hizo ndizo katika maandalizi yangu yote zilizofanya kazi iliyokusudiwa.

Cha mwisho kilikuwa dira. Niliinunua kwenye duka la mjini lililouza kila kitu, kuanzia sufuria mpaka maua ya plastiki. Lazima mwelewe hali ya vitu wakati ule. Ruksa ilileta bidhaa, lakini haikusema zitakuwa nzima. Tulikuwa na betri zinazokufa kabla ya taarifa ya habari kwisha, na dawa ya mswaki isiyotoa povu. Mtu mwenye akili aliponunua kitu alianza kukitilia shaka akiwa bado mlangoni mwa duka. Dira yangu ilikuwa nzuri, nyekundu, nyepesi, na mimi nilikuwa mtu mwenye akili.

Siku za jaribio zilipokaribia, Dokta Kulwa, kwa uungwana wake, alikuja Akheri kuwasalimu wazazi wangu. Mama alimpikia ndizi kwa nyama. Alikula, akasifu, akaongezewa, akala tena. Mimi niliona mgeni mwenye njaa. Baba aliona jambo jingine kabisa, maana kwetu mtu akija kwa shauri la mtoto wako, akala na akakubali kuongezewa, shauri limekwisha. Msukuma wa watu hakujua kwamba sahani ya pili ni kutia sahihi.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya vikundi na ubatizo, baba alisimama kwa suti yake nyeusi.

"Binti yangu Elinaike amechaguliwa kwenda jangwani kwa ajili ya elimu," alitangaza. "Ataondoka juma hili. Naomba usharika umkumbuke."

Nilimvuta mama kitenge. Mama alinitazama kama mtu anayetaka kuharibu harusi. Mchungaji aliniita mbele, akaniwekea mikono, akasoma habari za mana na kware. Kwaya iliimba wimbo wa kuvuka jangwa, beti zote. Kisha tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, pale ambapo kila Jumapili tunauziana mikungu ya ndizi, mayai na kuku waliotolewa, na siku hiyo mbuzi mzima alinadiwa kwa ajili ya safari yangu. Alinunuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena, akanunuliwa tena kwa shangwe. Umoja wa wanawake walinipa mwavuli. Mama Eliakunda, mwenyekiti wao, mfanyabiashara wa ndizi mwenye kifua kipana na sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya mto, ndiye aliyenikabidhi.

"Mvua ikikukuta huko," alisema, "usije ukasema hatukukuandaa."

Jioni ile nilimwambia baba ukweli wote, kwamba bado sijachaguliwa, kwamba tuko wawili, na kwamba kula ndizi si kukubali. Alinisikiliza, akakunja miwani yake taratibu.

"Basi chaguliwa," alisema.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kwenye jaribio. Kama ningekosa, singekuwa nimekosa kazi tu. Ningerudi nyumbani nikiwa nimeagwa, nimeombewa, mbuzi amenadiwa mara mbili, na baba yangu amesema jambo lisilo la kweli akiwa amesimama kanisani.

Dokta Kulwa alitupitisha Momela kwa Landrover, tukavuka hifadhi, nyati wakitutazama kama maofisa wa forodha, tukatokea upande wa kaskazini wa mlima. Sikuwahi kufika huko. Mtu wa Akheri ana shughuli gani nyuma ya Meru? Nilijua tu kwamba ndizi zetu zinakwenda kuuzwa huko. Ghafla migomba iliisha, nyasi zikaisha, yakabaki majivu ya zamani ya mlima na miiba. Nilifurahi kupita kiasi. Usiku ule tulilala kwenye mahema ya chuo.

Asubuhi ya pili, kukiwa na mawingu mazito yaliyofunika kila kitu, dereva alitushusha mahali uwandani, akaondoka na gari. Dokta alivaa kofia yake.

"Gari litatusubiri sokoni Ngarenanyuki," alisema. "Iko kusini ya hapa. Nipelekeni. Mimi leo ni mzigo, sitasema neno."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwa mtu wa Akheri, kusini si neno la ramani tu, ni neno la miguu. Kusini ni chini. Ukitoka nyumbani ukaenda kusini, ardhi inateremka, maji ya mfereji yanakwenda na wewe, unafika barabara kuu. Kaskazini ni juu, kwenye msitu na baridi. Sijawahi kufikiri juu ya jambo hilo, kama usivyofikiri mkono wako wa kulia uko wapi. Pale uwandani nilipima mteremko kwa nyayo, nikauona waziwazi, nikanyoosha kidole.

"Kusini ni huku," nilisema.

Elifuraha, ambaye kwao Machame, kwenye Kilimanjaro, pia kusini ni chini, alifanya uchunguzi wake kwa nyayo zake. "Huku kabisa," alisema. "Hakuna ubishi."

Kwa ajili ya utaratibu nilitoa dira. Dira ikasema kusini ni nyuma yetu, juu, kule tulikokuwa tumeelekeza migongo. Niliitikisa. Ikarudi palepale. Elifuraha aliichukua, akaigonga kwenye goti, akaipulizia, akaitazama upande wa chini kuona imetengenezwa wapi.

"Umenunua mjini?"

"Mjini."

"Tupa," alisema.

Sikuitupa, niliirudisha mfukoni kwa huruma. Tukaanza safari, wasomi wawili wa jiografia, tukiwa tumekubaliana kwa moyo mmoja, na Dokta Kulwa nyuma yetu akitafuna karanga. Tulitembea vizuri sana. Nilieleza juu ya udongo, Elifuraha alieleza juu ya miti. Kadiri ardhi ilivyozidi kuteremka ndivyo nilivyozidi kuwa na uhakika, na nakumbuka nilimwambia Dokta kwamba muda si mrefu ataanza kuona migomba. Alinikubalia kwa kichwa.

Jua lilipofika utosini mawingu yalifunguka. Elifuraha aligeuka ili amwage kokoto kwenye kiatu, akabaki ameshika kiatu.

"Elinaike," alisema taratibu, "ule ni mlima gani?"

Niligeuka. Nyuma yetu, mbali, ulikuwa umesimama mlima mkubwa wenye mabega nisiyoyajua.

"Sijui," nilijibu. "Kwetu hakuna mlima kama ule."

Ulikuwa Meru. Nimezaliwa kwenye miguu yake, nimeutazama kila nilipotoka nje kunawa uso, na sikuutambua kwa sababu sikuwahi kuuona kwa mgongo. Tulikuwa tumeupa kisogo tangu asubuhi, tukitembea kaskazini kwa bidii. Chini ya upande huu haiendi Tengeru, kwenye barabara kuu ya kwetu. Inaendelea tu.

Maji yetu yalikuwa yamebaki ya kulowesha ulimi. Hapo akatokea mwanamke wa Kimasai, wa umri wa mama yangu mdogo, na punda wake wamebeba madumu. Dokta Kulwa alimvulia kofia, naye akatutazama mmoja baada ya mwingine, akamalizia na mwavuli wangu.

"Mnatafuta nini huku?"

"Ngarenanyuki, mama," nilisema.

"Si mmetoka huko?" Aligeuza kidevu kuelekea mlimani. "Huku mbele hakuna kitu. Kuna Kenya tu."

Alicheka mpaka punda wakasimama. Aliitwa Yeyo Namunyak, yaani Mama Namunyak, na kwa vile alikuwa mwema alitupa maji kabla hajamaliza kucheka. Dokta hakuyahitaji. Alikuwa na chupa mbili kubwa kwenye mkoba, alizozibeba kimya siku nzima.

Tulifika kwenye gari jioni, kwa miguu ya kuazima. Dokta alitukalisha kwenye bampa, akazungumza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kwetu hata jina la kabila ni upande wa dunia," alisema. "Sukuma ni kaskazini. Ukimwuliza bibi yangu kijiko kiko wapi, atakuambia kiko magharibi ya sufuria. Ninyi watu wa milimani mna pande mbili tu, juu na chini. Mnaishi vizuri sana mpaka siku mnayotoka nyumbani."

"Kwa hiyo tumeshindwa wote?" aliuliza Elifuraha.

"Wote. Lakini wewe una leseni ya udereva, na mjomba wako ametoa matairi. Utakwenda."

Nikamwuliza, "Na mimi, Dokta?"

"Wewe umeharibiwa na mlima. Ugonjwa huo siwezi kuupeleka Chalbi, utaniua mtu. Unatibiwa hapahapa, ukiwa mahali ambapo ukipotea punda atakuokota." Akafikiri. "Hema naweza kukuachia."

Sikujua kama anatania. Hadi leo sijui, na nilifanya naye kazi mpaka alipostaafu. Nilichojua ni kwamba barabara ya kurudi Akheri inapita mbele ya kanisa.

"Niachie," nilisema.

Kesho yake tulirudi uwandani kwa gari, na ndivyo nilivyobaki kwa Yeyo Namunyak. Alinikubali kwa sharti la hema, kwa kuwa alilipenda toka alipoliona. Ndama wake wakahamia kwenye hema na mimi nikahamia kwenye kibanda cha ndama, mpango uliotufaa wote isipokuwa hema. Asubuhi niliteka naye maji, mchana nilikusanya mimea na kuikausha, na kila siku kabla ya jua kupanda niliweka dira juu ya jiwe, nikatazama mshale, nikajilazimisha kuamini. Mwili wangu ulisema kusini ni chini, mshale ulisema kusini ni juu, nami nikachukua upande wa mshale huku moyo ukinisuta kama nimesaliti ukoo. Ilinichukua majuma mengi kuamini kitu nilichonunua dukani.

Ngamia nao walikuwa wageni upande ule. Mradi mmoja ulikuwa umewaleta hivi karibuni, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wakiteketea kila ukame, na wachungaji waliojua ng'ombe kuliko nijuavyo alfabeti walisimama mbele ya ngamia wakiwa na aibu ileile niliyokuwa nayo. Hapakuwa na mwalimu wala mwanafunzi. Tulifunga mizigo ikaanguka, tukafunga tena. Hapo nilijifunza kwamba mizigo ya pande mbili ilingane uzito hata kama unalazimika kuongeza mawe, kwamba blanketi la chini lisiwe na mkunjo hata mmoja, na kwamba ngamia akitemewa mate na mwanadamu hasahau. Hilo la mwisho alilifanya Yeyo Namunyak kwa hasira, na mnyama yule alimngoja mpaka alipovaa shanga za sherehe.

Nilikuwa na furaha. Naisema wazi kwa sababu katika ripoti hairuhusiwi. Nilikuwa mchafu, midomo imepasuka, nakula ugali na maziwa mgando, na niliamka kila siku nikiwa na hamu. Kitu kimoja tu kilinichoma. Kule Akheri, kila Jumapili, baba alikuwa akiomba mbele ya watu kwa ajili ya binti yake aliye katika jangwa la mbali, na binti huyo alikuwa nyuma ya kilele wanachokiona wakitoka kanisani.

Na nilisahau jambo ambalo Mmeru yeyote angelikumbuka, kwamba ndizi zetu zinafika kila mahali. Siku ya soko Ngarenanyuki, nikiwa nachagua chumvi, nilisikia sauti ya kuvuka mto.

"Elinaike! Wewe si uko jangwani?"

Mama Eliakunda alikuwa amesimama juu ya lori la ndizi, mikono kiunoni. Niliweza kumwamkia tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyie! Huyu ndiye tunayemfungia na kumwombea!" Alishuka, akanizunguka, akanishika shavu lililobabuka, akatazama katambuga. Hasira ikamshuka kidogo. "Umekula?"

Alinipa mkungu mzima wa ndizi mbivu na kuondoka bila kuniahidi kunyamaza. Sikumwomba anyamaze. Yule mama hata kama angetaka, sauti yake isingekubali.

Siku ya soko iliyofuata lori lilikuja tena, na juu ya ndizi alikuwa amekaa baba. Alivaa suti ile nyeusi na tai. Alishuka kwa shida, akajipangusa majani makavu, akasimama mbele yangu. Nilijua amekuja kunichukua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alinitazama. "Nafasi ulipata?"

"Sikupata, baba. Amepewa mwenzangu."

"Kwa hiyo usharika unamwombea nani?"

"Mimi. Ila niko hapa."

Alitikisa kichwa. "Mimi ni mzee wa kanisa, Elinaike. Nimesimama mbele za Mungu, si mara moja, nikasema mwanangu yuko jangwani. Sasa nipeleke huko unakokaa."

Nilimpeleka. Tulitembea polepole, upepo ukipeperusha tai yake begani, vumbi likimpanda mpaka kwenye nyusi. Alitazama ardhi kwa macho ya mkulima, akitafuta mahali ambapo angepanda chochote, na kila baada ya hatua alizidi kuudhika. Bomani aliona ndama wakichungulia kwenye hema la chuo kikuu, akaona kibanda changu. Yeyo Namunyak alimletea maji kwenye kikombe. Alikunywa mara moja, akasita, akayashikilia mdomoni. Ni maji yenye magadi, yale yanayotia meno rangi ya chai. Aliyameza kwa sababu ni mtu mwenye adabu.

"Mama," alimwuliza, "hapa mvua imenyesha lini?"

Yeyo Namunyak alifikiri kwa dhati. "Mvua ipi?"

Baba alivua kofia. Alizunguka polepole, akatazama pande zote, uwanda mweupe unaokwenda mpaka macho yanakata tamaa, miiba, ngamia aliyekuwa akimtazama kwa dharau. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufunga mimea yangu kwenye gunia.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Nafunga. Muhula wa shule unaanza."

"Chalbi panafanana na hapa?"

"Panazidi, baba. Hapa si jangwa hasa. Hapa ni nyuma ya mlima wetu."

"Mimi nakuuliza kama mzee wa kanisa," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya matangazo. "Hapa hakuna mgomba. Hakuna mfereji. Maji yanakunywa wewe. Panatosha. Nitawaambia washarika nimeliona kwa macho yangu."

Nililia, palepale, mbele ya ngamia. Baba aliniacha nilie, naye akamwomba Yeyo Namunyak kikombe cha pili cha maji yale, jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kama tendo la ushujaa.

Lorini, akiwa amekwisha kupanda juu ya majani makavu na mikungu iliyobaki, aliinama kuelekea kwangu.

"Mkuu wa shule nitamwambia atafute mwingine. Ila usinifanye mwongo, mwanangu. Usirudi kabla hujalimaliza jangwa."

Dokta Kulwa aliporudi kutoka Chalbi alinikuta nafunga ngamia mzigo usioanguka, akaniuliza kusini ni wapi. Nilimwonyesha kwa kidole, juu, bila kutoa dira. Safari iliyofuata nilikwenda, na nyingine, na nyingine, mpaka mliponifahamu. Kila niliporudi Akheri likizo, baba alinitazama miguu na kuuliza swali moja, "Umelimaliza?" Nikimjibu bado, alisema, "Basi unafanya nini hapa?" na kunipisha nipite jikoni nikale.

Juma lile baada ya ninyi kuniaga, nilirudi nyumbani na mizigo yangu yote. Nilipita makaburini kwanza, kabla sijaingia ndani. Nilitaka baba asikie kutoka kwangu mwenyewe kwamba wamenistaafisha, na kwamba bado.